Imezimwa, Imekatika au Imeungua? Kauli za Vitenzi katika Utafutaji wa Hitilafu za Baiskeli ya Umeme

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili katika sayansi na ufundi aghalabu huanza na kuishia katika nomino. Huulizwa kama lugha hii ina jina la kifaa fulani. Jina likikosekana, hukumu hutolewa kwamba lugha haijakomaa. Likipatikana, kazi huonekana imekwisha. Makala hii inashikilia kwamba swali hilo ni nusu tu ya swali. Fundi anayetafuta hitilafu hatosheki kujua kitu kinaitwaje. Anahitaji zaidi kueleza kitu hicho kimefanya nini, kimefanywa nini, au kimefanyana nini na kingine. Hayo ni mambo ya kitenzi, na kitenzi ndipo Kiswahili kilipo na utajiri wake mkubwa.

Ili kuliweka wazi dai hili, makala inachukua mfano wa baiskeli ya umeme, hususan nyaya za sehemu mbili zinazoiamuru mota. Ya kwanza ni kichapuzi, yaani kishikio kilichopo kwenye usukani ambacho mwendeshaji hukisokota au kukisukuma kwa kidole gumba ili kuongeza mwendo. Ya pili ni msaada wa pedali, yaani utaratibu unaoifanya mota imsaidie mwendeshaji pindi anapoanza kukanyaga. Mahali panapozingatiwa ni Kimana, katika Kaunti ya Kajiado nchini Kenya.

2.0 Kimana na Haja ya Lugha ya Ufundi

Kimana ni mji mdogo wa Kajiado Kusini, katika barabara itokayo Emali kwenda Loitokitok, mkabala na Mlima Kilimanjaro na karibu na Mbuga ya Wanyama ya Amboseli. Ingawa eneo lililoizunguka ni kavu, chemchemi na kinamasi cha Kimana vimewezesha kilimo cha umwagiliaji, hasa cha nyanya na vitunguu. Kwa sababu hiyo, wenyeji Wamasai wanaishi na kufanya biashara pamoja na Wakamba, Wakikuyu na watu wa jamii nyingine, na mpaka wa Tanzania katika Illasit na Tarakea hauko mbali. Fundi na mteja wake mara nyingi hawana lugha ya mama moja. Lugha inayowakutanisha ni Kiswahili.

Mazingira hayo yana athari kwa chombo chenyewe. Wakati wa kiangazi vumbi laini huingia katika viungio vya nyaya. Karibu na mifereji ya mashamba, maji na tope hufanya kazi hiyo hiyo. Aidha, waya unaopita shingoni mwa usukani hukunjwa na kukunjuliwa kila mwendeshaji anapokata kona.

Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 iliziweka baiskeli za umeme miongoni mwa bidhaa za kodi ya ongezeko la thamani ya kiwango cha sifuri, ishara kwamba vyombo hivi vilikuwa vimeanza kutazamwa kama usafiri wa kawaida. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, mafunzo ya ufundi vyuoni hutolewa kwa Kiingereza, na vijitabu vinavyofuatana na vyombo hivi huja kwa Kiingereza au Kichina. Kati ya kijitabu na mteja kuna pengo, na anayelijaza ni fundi kwa Kiswahili chake.

3.0 Nomino: Urithi, Mkopo na Hatari Moja

Nomino za baiskeli zina historia inayovutia. Neno "usukani" lina asili ya Kiarabu na lilihusu chombo cha baharini kabla ya kupanda nchi kavu na kukaa kwenye gari na baiskeli. "Kitovu" cha gurudumu kimetoka kwenye mwili wa binadamu. "Betri", "waya", "swichi", "fyuzi" na "mota" ni mikopo kutoka Kiingereza, nayo imekwisha kuzoea sarufi ya Kiswahili. Ndiyo maana "waya" mmoja umezaa "nyaya" nyingi. Vilevile dereva wa gari "hukanyaga mafuta" anapotaka mwendo, na usemi huo hauoni taabu kumfuata mtu katika chombo kisicho na tangi wala tone la petroli.

Hadi hapo hakuna tatizo. Tatizo hujitokeza katika neno moja linalotumiwa sana na mafundi wa umeme: "moto". Katika nyaya za nyumba, "waya wa moto" ni waya wenye umeme wa kuua, na neno hilo linafaa kwa kuwa linaonya. Likihamishiwa kwenye baiskeli ya umeme, linapotosha. Ndani ya baiskeli mna nyaya chanya za aina mbili ambazo zote huweza kuwa nyekundu: ule utokao kwenye betri wenye volti 36 au 48, na ule utokao kwenye kidhibiti wenye takriban volti 5 tu. Mwanafunzi wa ufundi anayeambiwa "kipe kichapuzi moto" anaweza kukiunganisha na betri moja kwa moja. Kihisi kilichomo ndani hakikuundwa kuhimili volti 48. Huungua papo hapo, na huenda kikaharibu kidhibiti pia.

Hapa istilahi si pambo. Neno lisilotenganisha vitu viwili tofauti humgharimu mtu fedha. Tiba yake si kubuni neno geni, bali kuongeza sifa inayotenganisha: "chanya ya betri" na "chanya ya volti tano". Majina hayo ni marefu kidogo, lakini hayaunguzi kitu.

4.0 Njia ya Umeme katika Baiskeli

Kabla ya kuingia katika vitenzi, ni vyema mpangilio wa nyaya ueleweke. Betri hutoa umeme mkubwa. Betri ya volti 36 ikijaa hufikia takriban volti 42. Ile ya volti 48 yenye seli 13 zilizofuatana hufikia takriban volti 54.6. Umeme huo huingia katika kidhibiti, ambacho mafundi wengi hukiita kontrola. Kidhibiti huupeleka umeme mkubwa kwenye mota kupitia nyaya tatu nene, na wakati huohuo hutengeneza umeme mdogo wa takriban volti 5 kwa ajili ya vihisi.

Vihisi hivyo kwa kawaida hufanya kazi kwa kanuni iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879: sumaku ikisogezwa karibu na kihisi chenye umeme, volti hubadilika. Kichapuzi kina nyaya tatu, yaani chanya ya volti tano, hasi, na waya wa ishara. Kikiwa kimeachwa, ishara huwa takriban volti 0.8 hadi 1. Kikisokotwa hadi mwisho, hupanda hadi kati ya volti 3.6 na 4.2 hivi. Kihisi cha pedali pia huwa na nyaya tatu, lakini ishara yake ni ya namna nyingine. Kisahani chenye sumaku kadhaa huzunguka pamoja na mhimili wa pedali, na kila sumaku inapopita mbele ya kihisi, ishara huruka baina ya karibu sifuri na karibu volti 5. Kwa ufupi, kichapuzi huzungumza kwa kiwango na pedali huzungumza kwa mapigo.

Lipo jambo la tatu linalosahauliwa mara nyingi. Mikono ya breki huwa na swichi ndogo. Breki ikivutwa, swichi hukiarifu kidhibiti kiizime mota mara moja, hata kama kichapuzi kimesokotwa.

5.0 Kauli za Vitenzi na Aina za Hitilafu

Mteja anapofika kwa fundi husema "imeharibika" au "imekufa". Kauli hizo ni za kweli lakini hazina habari. Kazi ya fundi ni kulihamisha neno "imeharibika" hadi kwenye kitenzi mahususi zaidi. Hapa chini zimeelezwa kauli zinazohusika, kila moja pamoja na kipimo chake. Kabla ya kipimo chochote, gurudumu lenye mota liinuliwe lisiguse ardhi. Sababu yake itaonekana katika 5.2.

5.1 Kauli ya kutendwa: mota imezimwa

Kauli ya kutendwa huashiria kuwapo kwa mtendaji hata asipotajwa. Mota iliyozimwa si mbovu, kuna kinachoizima. Swali sahihi basi ni "imezimwa na nini?" Jibu la kwanza la kuchunguzwa ni breki. Swichi ya breki iliyokwama kwa vumbi au tope hukiambia kidhibiti kwamba breki imevutwa wakati wote, na hivyo kichapuzi na msaada wa pedali hunyamaza pamoja. Katika aina ya swichi iliyoenea, kipimo ni rahisi: viungio vya breki zote mbili vichomolewe kimoja baada ya kingine. Mota ikirudi, mtendaji amepatikana. Swichi isafishwe au ibadilishwe na kurudishwa mahali pake, kwa maana baiskeli isiyozimwa na breki yake ni ya hatari barabarani.

Kiwango cha msaada nacho hakina budi kutazamwa. Kikiwekwa sifuri kwenye kioo cha usukani, msaada wa pedali huwa umezimwa na mwendeshaji mwenyewe bila kujua.

5.2 Kauli za kutenduka na kutendeka: kiungio kimechomoka, waya umekatika

Kitu kilichochomekwa huweza kuchomoka, na kilicho kizima huweza kukatika. Katika vitenzi hivi mtendaji hatajwi. Kinachotajwa ni hali. Tofauti baina yake ina faida kwa mteja, kwa kuwa kilichochomoka huchomekwa tena bila gharama, ilhali kilichokatika huhitaji kulehemiwa.

Kipimo cha kukatika hufuata njia ya umeme. Testa iwekwe baina ya chanya ya volti tano na hasi kwenye kiungio cha kichapuzi. Ikisoma takriban volti 5, kichapuzi kinalishwa. Kisha ipimwe baina ya ishara na hasi huku kichapuzi kikisokotwa polepole. Ishara ikipanda vizuri upande wa kichapuzi lakini isifike upande wa kidhibiti, waya umekatika katikati, na mahali pa kwanza pa kushukiwa ni shingoni mwa usukani. Kwa pedali, mhimili uzungushwe taratibu kwa mkono. Ishara isiporuka kabisa, fundi atazame kwanza kama kisahani cha sumaku kimesogea mbali na kihisi, kwani nafasi baina yao inapaswa kuwa milimita chache tu.

Waya hasi wa kichapuzi unahitaji uangalifu wa pekee. Ukikatika, ishara haishuki. Hupanda karibu na volti 5. Vidhibiti vingi hukataa kufanya kazi vikiona ishara ya juu mara baada ya kuwashwa, lakini si vyote, na waya unaweza kukatika wakati chombo tayari kimewaka. Gurudumu likiwa chini, baiskeli inaweza kuruka kwa kasi yake yote na kuingia barabarani. Ndiyo sababu gurudumu huinuliwa kwanza.

5.3 Kauli ya kutendana: nyaya zimegusana

Kauli ya kutendana hudai wahusika wawili au zaidi. Nyaya zikigusana, neno la mkopo "shoti" hutumika, lakini kitenzi cha Kiswahili kinaeleza zaidi kwa sababu kinalazimisha swali la pili: "umegusana na upi?" Chanya ya volti tano ikigusana na hasi mahali popote, volti tano huanguka kwa vihisi vyote kwa kuwa vinalishwa kutoka chanzo kimoja. Hivyo kihisi kimoja cha pedali kilichoingia maji kinaweza kukinyamazisha kichapuzi kisicho na dosari yoyote.

Njia ya kukitambua kinachogusana ni kuchomoa viungio vya vihisi kimoja kimoja huku volti tano zikitazamwa kwenye testa. Kile ambacho kikitolewa volti hurudi, ndicho chenye nyaya zilizogusana. Volti zisiporudi hata baada ya vyote kutolewa, hitilafu imo ndani ya kidhibiti.

5.4 Kauli ya kutendesha: nini kimeunguza nini?

"Kuungua" hueleza matokeo. "Kuunguza" hueleza chanzo. Fundi anayesema "kihisi kimeungua" na kukibadilisha bila kuuliza nini kimekiunguza huenda akaunguza cha pili siku hiyohiyo. Chanzo huweza kuwa chanya ya betri iliyogusana na waya mdogo pale magamba ya nyaya yalipochubuka, au fundi wa awali aliyeamini rangi. Ieleweke kwamba rangi si sheria. Viwanda havifuati mpango mmoja, na waya mwekundu wa chombo kimoja hauwezi kuapiwa katika kingine. Kipimo ndicho shahidi.

6.0 Mfano

Na ichukuliwe kwamba mkulima mwenye umri mkubwa anaikokota baiskeli yake hadi karakana moja Kimana. Mazungumzo yao yanaweza kuwa hivi:

"Fundi, hii imekufa kabisa."

"Pole, mzee. Imekufa hata ukikanyaga pedali, au ukisokota hapa mkononi tu?"

"Nikikanyaga inasaidia. Huku mkononi ndiko hakuna kitu."

"Basi haijafa, mzee. Ngoja tuone imekatika wapi."

Swali moja la fundi limefanya kazi kubwa. Kwa kuwa msaada wa pedali unafanya kazi, betri ni nzima, mota ni nzima, breki haiizimi mota na volti tano zipo. Kilichobaki ni tawi la kichapuzi peke yake. Fundi anapima kama ilivyoelezwa katika 5.2, anakuta ishara inapanda upande wa usukani na haifiki kwenye kidhibiti. Anaondoa betri, anafungua gamba la waya shingoni mwa usukani, analehemu waya wa ishara na kuufunga kwa tepu. Kama angebaki na neno "imekufa", angeweza kuagiza kidhibiti kipya kutoka Nairobi, mzee akalipa, na hitilafu ikabaki pale pale.

Lau kama vyote viwili vingenyamaza, mpangilio wa maswali ungebadilika: kwanza betri na fyuzi, kisha "imezimwa na nini?", kisha "zimegusana wapi?", na mwisho nyaya za mota yenyewe. Mota inayotetemeka au kugutuka bila kuzunguka vizuri huashiria mara nyingi kwamba waya wa kihisi cha ndani ya mota, au mmoja wa zile nyaya tatu nene, umekatika au umelegea.

7.0 Pingamizi na Mipaka

Inaweza kudaiwa kwamba mafundi hawafikirii sarufi wanapofanya kazi. Dai hilo ni la kweli, wala halipingani na hoja ya makala hii. Msemaji wa lugha hutumia kauli bila kuzitaja majina. Kazi ya mwanaisimu ni kuonyesha maarifa yaliyomo katika matumizi hayo ili yafundishwe kwa wasiokuwa nayo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Vitenzi hivi navyo vina utata. "Umeme umekatika" ni habari ya mji mzima, ilhali "waya umekatika" ni habari ya unyuzi mmoja. Hali kadhalika, kauli ya kutendeka huweza kumaanisha uwezekano: waya "unaokatika" waweza kuwa umekwisha kukatika mara kwa mara au ni ule unaoweza kukatwa. Utata huo hauondolewi na kamusi. Huondolewa na testa. Kitenzi ni dhana ya awali inayomwelekeza fundi mahali pa kupima. Hakichukui nafasi ya kipimo.

8.0 Hitimisho

Jitihada za kusanifisha istilahi zina historia ya kuheshimika. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi za namna hiyo zimewapa walimu na wanafunzi majina ya kuaminika. Mfano wa baiskeli ya umeme unaonyesha kwamba majina hayo yanahitaji jirani zao wa asili, yaani vitenzi. Orodha ya istilahi za ufundi ingekuwa na manufaa zaidi iwapo kila kifaa kingeandikwa pamoja na mambo yanayoweza kukipata: waya hukatika, hulegea, hugusana, huungua, kiungio huchomoka na kushika kutu, mota huzimwa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, somo la kauli za kitenzi mara nyingi huishia kwenye jedwali la viambishi linalokaririwa kwa ajili ya mtihani. Katika karakana ya Kimana jedwali hilohilo huamua kama mkulima atalipia tone la lehemu au kidhibiti kizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga. Lakini ufa wenyewe haujulikani ulipo mpaka utajwe kwa kitenzi chake.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti ya habari zinazotolewa na "mota imezimika" na "mota imezimwa". Fundi atachunguza nini kwanza katika kila hali?

2. Chambua muundo wa kitenzi "unganisha" na ueleze kila kiambishi kina mchango gani katika maana ya kazi ya fundi.

3. Tafuta neno jingine la ufundi ambalo, kama "moto", hubeba vitu viwili vinavyopaswa kutenganishwa. Pendekeza namna ya kuvitenganisha bila kubuni neno geni.